Nyundo ya Maman Colombe, Siku ya Mungu

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama kuna sufuria kwenye moto, ipunguzie makaa. Kama kuna mtoto analia, mfunge mgongoni kwa kikwembe, msikilize naye. Habari ya leo haitaki haraka.

Tunamkumbuka Maman Colombe Cirhuza, wa Kadutu, hapa Bukavu. Alikuwa fundi wa babula, yale majiko ya bati tunayowashia makaa. Alikuwa mjane. Alikuwa mtu asiyesali. Tunalisema hapa mlangoni ili lisimshtue mtu akiwa amekwisha kuingia: Maman Colombe hakuamini kwamba Mungu yuko, na hakulificha. Alikufa siku ya Mungu, yaani Jumapili, katika mvua, chini ya ukuta uliomwangukia. Na hakufa upesi.

Tunajua wengine wenu mtauliza. Redio hii inapitisha misa kila siku ya Mungu, leo inamlilia mpagani? Ndiyo, leo inamlilia. Kaeni kidogo, mtaona sababu.

Tuanze na jina. Colombe ni njiwa. Mama yake, Maman Martine wa Nyangezi, alimpa jina hilo kwa sababu mtoto alizaliwa siku ya Pentekoste, na njiwa ni ndege wa Roho Mtakatifu. Basi utani ulimfuata maisha yake yote. Wanunuzi walimfikia pale barabarani, alipokuwa anagonga bati, wakaanza kumchokoza.

"Maman Njiwa, Roho Mutakatifu umemuacha wapi?"

"Aliruka," alijibu bila kuinua uso. "Lete makaa tujaribu jiko."

Kazi ya bati alifundishwa na baba yake, Papa Ignace. Papa Ignace alinunua mapipa yaliyotoboka na mabati yaliyong'olewa kwenye nyumba, akayakata, akayakunja, akayageuza babula. Hakuwa na mtoto wa kiume aliyependa nyundo. Mkubwa, Léopold, alipenda vitabu vya kanisa, na leo ni mkatekista kule Nyangezi. Colombe ndiye aliyependa nyundo. Wanaume wa kazi ile walicheka: mwanamke atashika mkasi wa bati? Alipozeeka Papa Ignace, ni wao waliomletea Colombe kazi zilizowashinda.

Je, aliacha kusali kwa sababu gani? Watu wanataka kusikia kwamba padri alimkosea, au kwamba alilogwa. Hapana. Mama yake anasimulia hivi:

"Alikuya kunitembelea, tukawa tunachambua maharage. Akaniambia, mama, nikipiga magoti naona niko nasema peke yangu. Nilimupiga kofi. Mutu muzima, fundi, muke wa mutu, nikamupiga kofi. Akaokota maharage yenye ilimwangika, tukaendelea."

Hivyo tu. Hakugombana na mtu. Aliacha kwenda.

Aliolewa na Honoré, dereva wa Fuso la mchanga. Honoré naye hakuonekana kanisani, ila mwenyewe alisema kwamba kwake ni uvivu, si mawazo. Wakatoka katika shirika. Ninyi mnaotusikiliza kutoka mbali, shirika ni ile jamaa ndogo ya wakristo wa avenyu moja. Shirika ndilo linalokuja ukizaa. Shirika ndilo linalokuja ukifiwa. Wanaleta viti, wanaleta shitingi ya kuzuia mvua, wanaleta sufuria kubwa, wanaimba, wanalala na wewe chini. Mtu wa Bukavu asiye na shirika anaweza kuishi vizuri sana. Shida inaanza siku ya kilio.

Honoré aliugua ini, akafa. Mwili ukaletwa nyumbani. Colombe akasafisha ua, akangoja.

Shirika halikuja. Mwenyekiti wake alipita barabarani, akasalimia kwa mkono, akaendelea na safari yake. Majirani walichungulia juu ya miba ya ua. Wachache waliingia, wakatafuta pa kukaa, wakakosa. Nani atasimama kutwa nzima kwenye kilio? Wakaondoka mmoja mmoja, wakisema pole, pole sana Maman, tutarudi. Colombe alikalia babula aliyoigeuza kichwa chini. Kaka yake Léopold, aliyefika na mama yao kutoka Nyangezi, alisimama mlangoni akamwambia:

"Uliitaka mwenyewe."

Miaka mingi baadaye, watu walipomuuliza kwa nini alianzisha Kikao, ule mkutano wa watu wasiosali, hakutaja vitabu, hakutaja wanafalsafa. Alisema: "Siku ile sikukosa Mungu. Nilikosa viti."

Wasikilizaji wapendwa, shikeni hilo la viti. Litarudi.

Siku hiyo ya kilio aliingia mwanamume mmoja mwembamba mwenye miwani. Ni Prof Bruno, anayefundisha fizikia sekondari, mkaaji wa Nguba. Alikuwa amekuja kuchukua jiko aliloagiza. Akakuta mwili. Akageuza jiko lake jipya kichwa chini, akalikalia karibu na mjane, akanyamaza mpaka jua likashuka.

Colombe ndiye aliyeanza. "Weye unasali wapi?"

"Sisali."

"Sasa umebakia juu ya sababu gani?"

"Juu ya weye uko peke yako."

Kikao kilianza hapo, kwa watu wawili waliokalia majiko. Baadaye walijulishana na wengine: mwuguzi mmoja, mshona viatu mmoja, wanafunzi wa chuo, mtu na shemeji yake kutoka Nyantende waliokuwa hawajawahi kuambiana, kumbe wote wawili hawasali. Kila mmoja alidhani yuko peke yake Bukavu nzima. Wakapanga kukutana kwenye baraza la Prof Bruno, kule Nguba, siku ya Mungu asubuhi.

Kwa nini siku ya Mungu asubuhi? Mnazijua avenyu zetu saa hizo. Vikwembe vimepigwa pasi. Miguu ya watoto inang'aa mafuta. Watu wanatoka, milango inafungwa, na mtaa mzima unabaki kama chungu kilichokwanguliwa. Asiyesali anabaki na kuku. "Hiyo njo saa mbaya kuliko zote," Colombe alisema. "Basi tuijaze."

Siku ya kwanza ilikuwa kichekesho. Walifika, wakakaa, maharage yakawa yanachemka. Halafu wakatazamana. Hapa kwetu hata mkutano wa motari, wale madereva wa pikipiki, unafunguliwa na sala. Hata ndoa ikivunjika, watu wanasali kwanza, ndipo wanatukanana. Sasa hawa watafunguaje? Mshona viatu, kwa mazoea, akasema, "Tusimame." Wote wakasimama. Wote wakainamisha vichwa. Wote wakafumba macho! Kukawa kimya. Kisha mtu akakohoa, mwingine akaanza kucheka, na baraza lote likalipuka. Prof Bruno alicheka mpaka akavua miwani.

Ni Colombe aliyewaokoa. Alitazama viti, akauliza:

"Nani haiko?"

Alikuwa hayupo mama mmoja kijana, Gisèle. Aliahidi kuja na hakuja. Mtu akasema mvua, mwingine akasema labda mume wake amemkataza.

"Labda haina miguu," Colombe alisema. "Mwenye iko na miguu aende kuona."

Akaenda mwenyewe. Alimkuta Gisèle amefungiwa nje ya chumba na mwenye nyumba, amekaa barazani na mtoto mchanga anayewaka homa. Mwenye nyumba alikuwa amesikia kwamba huyu mpangaji haendi kanisani, na hakutaka laana chini ya bati lake. Colombe alimbeba mtoto, Gisèle akafuata nyuma, wakafika hospitali. Mtoto alipona. Leo anakimbia, na jina lake la nyumbani ni Babula.

Basi ile ikawa sheria ya Kikao. Sala ya kufungua hawakuwa nayo, walikuwa na swali: nani hayuko? Na hakuna aliyekula mpaka mtu mmoja amefika kwa yule asiyekuja, amemwona kwa macho, amerudi na jibu. Simu haikutosha. "Simu inajua kusema niko sawa," Colombe alisema. Watu walinung'unika. Maharage yalipoa. Walimwita sajini. Walimwita mama wa upelelezi. Lakini mtu aliyekunywa kupita kiasi alipatikana kwa swali lile, na mwanafunzi aliyetaka kujiua alipatikana kwa swali lile, na bibi mmoja aliyeanguka bafuni alipatikana kwa swali lile.

Ila jambo moja tulitie alama, kwa sababu ndilo jambo la leo. Kila mara, aliyeuliza ni Maman Colombe. Kila mara. Wengine walikwenda, wengine walirudi na jibu, lakini swali lilikuwa lake, kama vile mwiko wa bugali unavyokuwa wa mama mwenye nyumba. Hakuna aliyewahi kumnyang'anya.

Sasa turudi Kadutu, nyumbani kwake. Mnajua nyumba za kule zinavyopandana mlimani, mlango wa huyu uko juu ya bati la yule. Nyuma ya karakana ya Colombe ulisimama ukuta wa mawe uliozuia udongo wa parsela ya juu, kiwanja cha jirani. Mbele yake, ng'ambo ya kijia, anakaa Maman Joviale, mama mkristo, mgonjwa wa magoti. Maman Joviale hawezi tena kupanda mpaka kanisani. Misa anaifuata redioni.

Zamani, kabla ya Kikao, Colombe aligonga bati hata siku ya Mungu. Joviale alimpigia kelele dirishani:

"Weye Maman Colombe! Nyundo yako inaingia mu misa yangu!"

"Iite ipokee Komunyo, Maman Joviale!"

"Utachomwa moto, weye!"

"Basi nitengeneze babula mingi, moto iko karibu."

Walitupiana maneno hivyo. Lakini siku moja Colombe alivuka kijia, akasimama mbele ya yule mama. Joviale mwenyewe alitusimulia. Alisema, "Maman Joviale, nimeona unaweka mukono ku sikio. Siku ya Mungu asubuhi sitagonga tena." Joviale hakumwamini. Lakini Colombe alishika neno lake. Tangu siku hiyo nyundo yake haikusikika tena siku ya Mungu asubuhi. Hata mara moja.

Tumefika kwenye ile siku.

Mvua ilianza alfajiri, mvua yetu ya kumwagwa kwa ndoo. Waumini walitoka hivyo hivyo, wamejifunika nailoni, viatu mkononi. Avenyu ikabaki tupu. Maman Colombe alikuwa amevaa tayari kwenda Nguba. Aliingia karakana kuchukua babula moja ndogo, ya mkono mmoja, aliyokuwa amemtengenezea Gisèle. Ukuta wa mawe ukaja.

Ulibomoa karakana, ukafunika miguu yake na kiuno. Kifua kilibaki nje. Mikono ilibaki nje. Alikuwa hai, na akili yake ilikuwa timamu. Alipiga kelele. Lakini mvua juu ya mabati ya Kadutu mnaijua, mtu hasikii hata neno la mwenziwe wa mezani. Sauti ya mtu haikuweza kupita. Kitu kimoja tu kingeweza kupita.

Nyundo ilikuwa pale alipoweza kuifikia.

Akagonga. Bati juu ya bati. Akapumzika, akagonga.

Ng'ambo ya kijia, Maman Joviale alikuwa amekaa karibu na redio yake, rozari mkononi. Kwaya ilikuwa kwenye Gloria, wimbo wa utukufu. Akasikia nyundo. Tunampa nafasi aseme mwenyewe, maana alitaka kusema:

"Nilisikia. Siwezi kudanganya. Nikasema mu roho, ona, kiburi imerudia. Aliniahidi na leo anavunja ahadi, tena mu Gloria! Nikaona leo anagonga mubaya. Anagonga, ananyamaza, anagonga, ananyamaza. Nikasema, anafanya makusudi juu ya kunikasirisha. Nikaongeza redio."

Akaongeza redio, wasikilizaji wapendwa. Na redio hiyo ni hii yetu. Misa hiyo ilitoka hapa.

Nyundo iligonga wakati wa masomo. Iligonga wakati wa mahubiri. Padri alihubiri juu ya jirani.

Na kule Nguba? Kule Nguba Kikao kilikuwa kimejaa, ingawa mvua ilinyesha. Walikuja watu wapya. Harufu ya sombe, mboga ya majani ya muhogo, ilikuwa nzuri. Kigoda cha Maman Colombe kilikuwa mahali pake, karibu na nguzo, kitupu. Prof Bruno alijaribu simu, simu haikupita, na mvua ikinyesha simu zetu huwa hazipiti. Mtu mmoja akasema, "Atakuwa amekwenda Nyangezi. Mama yake alikuwa anakohoa." Wote wakatulia. Ndiyo, Nyangezi. Jibu lilikuwa zuri. Lilikaa kama kifuniko juu ya sufuria.

Gisèle alikitazama kile kigoda. Anasema swali lilimjaa mdomoni. "Lakini ilikuwa neno ya mama. Nikaona haya. Nikaona ni kama nitaketi ku kiti yake na yeye angali hai. Nikasema, ngoja, mukubwa mumoja atauliza."

Wakubwa walingojana. Prof Bruno alimngoja mwuguzi. Mwuguzi alimngoja Prof Bruno. Kisha sombe ikawa tayari.

Mnataka kujua walizungumzia nini siku hiyo? Walizungumzia viti. Kikao kilikuwa kimekua, sasa kilitaka viti vyake chenyewe, na shitingi yake, na sufuria yake, ili asiwepo tena mtu wa kulilia watu wake peke yake. Walikubaliana vizuri. Walipiga makofi. Walipiga picha, wote wanacheka, na picha hiyo ipo. Kigoda kinaonekana pembeni, karibu na nguzo. Picha ilipopigwa, Maman Colombe alikuwa bado anagonga.

Tunajua kwa sababu picha ina saa yake, na Maman Joviale anakumbuka. Nyundo ilinyamaza baada ya Komunyo. Anasema alishukuru.

Watu waliporudi kutoka kanisani, mwenye parsela ya juu alitafuta ukuta wake, akaukosa. Ndipo wakakimbia. Walichimba kwa majembe, kwa sahani, kwa mikono, wamevaa nguo zao za misa. Wakamtoa akiwa anapumua. Maman Joviale alivuka kijia, magoti yake yale yale, akamshika uso. Colombe alifungua macho, akamtambua. Midomo ilikuwa ya kijivu.

"Maman Joviale," alisema. "Leo nimegonga. Usinikasirikie."

Wakambeba kwenye mlango wa mbao kupanda barabarani. Alikata roho kabla ya kufika kwenye gari. Daktari aliyeupokea mwili alisema neno ambalo familia ilitaka lisemwe hewani: mawe hayakumuua. Kilichomuua ni baridi, na damu iliyotoka kidogo kidogo, saa nyingi. Kama angefikiwa asubuhi, angeishi. Angepoteza mguu, labda. Angeishi.

Mjini maneno yalienda haraka kuliko maji ya ule mlima. Ukuta umechagua, walisema. Nyumba zote za waumini zimesimama, umeanguka kwa mpagani tu. Mchungaji mmoja wa chumba cha maombi alipeleka watu wake kuangalia mawe. Watoto wa avenyu walitunga wimbo juu ya njiwa na jiwe. Gisèle aliusikia akiwa amemshika mtoto wake mkono, na mtoto wake tayari alikuwa anauimba.

Léopold, kaka mtu, aliuchukua mwili kwenda Nyangezi. Hakukasirika, hakupaza sauti. Alisema tu, "Mungu alijibu." Akaandaa mazishi yake, na sala zake, na kwaya yake.

Kikao nao wakaenda. Walikodi gari, wakapakia viti. Vile viti, wasikilizaji wapendwa. Vya plastiki, vyeupe, vipya, bado na karatasi zake. Ilikuwa kazi yao ya kwanza. Walishuka mahali njia inapoingia kwenye migomba ya akina Cirhuza, wakaanza kubeba. Léopold aliwangojea njiani, vazi la katekista juu ya koti.

"Viti viingie," alisema. "Ninyi mubakie."

"Kaka Léopold," Prof Bruno alisema, "tulikuwa ndugu zake."

"Ndugu? Na alipokuwa mu mawe, ndugu mulikuwa wapi?"

Viti vikaingia. Vilipitishwa kwa mikono, juu ya miba, na waimbaji wa kwaya wakavikalia. Kikao wakasimama barabarani, kwenye tope, wanasikia nyimbo ambazo wote walizijua tangu utoto. Mshona viatu alikuwa anatikisa midomo bila kujua.

Ndipo Maman Martine, mama mzazi, akatoka kwenye migomba. Alikuwa peke yake, amefunga kichwa, rozari shingoni. Aliwaangalia mmoja mmoja. Walidhani amekuja kuwaingiza.

"Ninyi njo bale banaulizaka nani haiko?" aliuliza.

"Ndiyo, mama," Gisèle alisema.

"Colombe alikuwa ananielezaka. Alikuwa anajisifu sana juu ya ile. Siku ile muliuliza?"

Gisèle alitazama chini. Prof Bruno alivua miwani, akaishika.

"Hatukuuliza, mama. Tulifikiri iko kwako."

Kwaya ilimaliza ubeti, ikaanza mwingine.

"Mulifikiri iko kwangu," alisema. "Na miye nilifikiri iko kwenu. Nikasema, siku ya Mungu mutoto wangu haiko peke yake. Iko na batu bake."

Akageuka, akarudi kwenye migomba. Hakuwaita. Walisimama pale mpaka udongo wa kaburi ukamalizika.

Wasikilizaji wapendwa, tungependa kuwaambia kwamba habari iligeuka hapo. Haikugeuka. Wiki iliyofuata, kwenye baraza la Nguba, walikuja wachache mno. Prof Bruno alikuwa ameamua kufunga Kikao. Alisema hana mdomo tena. Gisèle alikuwa amekuja na mwanawe, na ile babula ndogo waliyoichimbua kwenye mawe, mkono wake umepinda. Aliiweka juu ya kigoda kilicho karibu na nguzo. Aliangalia viti vyote vile vitupu, akauliza, kwa sauti ambayo anasema haikuwa yake:

"Nani haiko?"

Waliokosekana walikuwa wengi kuliko waliokuja. Walikaa kidogo na aibu yao. Kisha mwuguzi akasimama akachukua mwavuli. Prof Bruno akafunika sufuria. Siku hiyo hakuna aliyekula, kwa sababu walitembea mpaka jioni, Bagira, Panzi, Muhungu, wakigonga milango. Baadhi ya milango ilifunguliwa. Hilo tu ndilo tunaloweza kuwapa. Si kubwa, lakini ni la kweli, na sisi wenye watoto mgongoni tunajua jinsi ya kulea kitu kidogo.

Kwa Maman Martine kule Nyangezi, pole sana, mama. Kwa Papa Léopold, pole. Dada alikuwa wako kabla hajawa wa mtu mwingine. Kwa Kikao, poleni, na ninyi mlifiwa, hata kama mliachwa barabarani. Kwa Maman Joviale, aliyetufungulia mlango wake akasema kile ambacho wengi wangekificha: pole, mama.

Tulipomaliza kuongea naye, misa ya jioni ilikuwa inaanza. Aliwasha redio, akaipunguza mpaka ikawa mnong'ono. Tulimuuliza kama anasikia vizuri. Alisema: "Sikio moja iko mu misa. Ingine iko inje."

Basi, wewe unayesali na wewe usiyesali, tunaomba kitu kimoja. Kuna mtu kwenye avenyu yako ambaye wewe unafikiri yuko kwa wengine, na wengine wanafikiri yuko kwako. Unamjua. Jina lake limekujia sasa hivi. Usimpigie simu.

Hatutaweka wimbo hapa. Tutanyamaza kidogo. Punguzeni redio, wasikilizaji wapendwa. Ipunguzeni kabisa, msikilize upande wa jirani.